Njaa, Hamu na Ketoni: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Utabibu

Mapema mwaka huu nililetewa tafsiri ya Kiswahili ya kurasa sita niipitie kabla haijapigwa chapa. Ilihusu majaribio yanayofanywa Marekani ya kuwatibu watu wenye maradhi yajulikanayo kwa Kilatini kuwa "anorexia nervosa" kwa kuwapa mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo mno. Mfasiri wake ni mtu mwangalifu. Sarufi yake ni safi, na sentensi zake hazinuki Kiingereza. Hata hivyo, nilipofika mwisho nilitambua kuwa msomaji asiyeijua lugha ya asili angeondoka na maana iliyo kinyume cha ile iliyokusudiwa. Angedhani kuwa umepatikana mlo wa kumpunguzia chakula mtu ambaye tayari hali chakula, na kwamba mlo huo unaponya. Kosa lilikuwa katika istilahi nne au tano, ambazo baadhi yake mimi mwenyewe nimepata kuzitumia bila ya kuzipima.

Yafaa kwanza tuanze na jina la ugonjwa. Mfasiri ameandika "ukosefu wa hamu ya kula wa kineva", na kila neno lina asili yake katika jina la Kilatini, ambalo nalo limetoka katika Kiyunani. Jina hilo lilitolewa na tabibu William Gull wa London katika mhadhara wake wa mwaka 1873, uliochapishwa mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1873 Ernest-Charles Lasègue aliueleza ugonjwa huohuo mjini Paris. Gull aliamini kwamba wagonjwa wake walikuwa wamepungukiwa na hamu ya chakula. Matabibu waliokuja baadaye waliona kuwa sivyo ilivyo kwa wengi wao. Mgonjwa aghalabu anaisikia njaa, tena kali. Anakiwaza chakula kutwa kucha, pengine anawapikia wengine na kuwaangalia wakila. Ila anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa, na hujiona mnene hali mifupa imemtoka. Basi jina lenyewe lina kasoro hata huko kwao. Lakini msomaji wa Kiingereza anahifadhiwa na ugeni wa neno: hulisikia kama jina tu, kama vile sisi tusemapo "malaria" pasipo kukumbuka kuwa kwa Kiitaliano ni hewa mbaya. Mfasiri wetu amelivunja ganda akatuandalia yai viza.

Kuna dhara la pili. "Kukosa hamu ya kula" ni maneno yenye kazi yake katika Kiswahili cha hospitali. Muuguzi huyaandika kila siku kwa mgonjwa wa malaria, wa kifua kikuu, wa ini. Ni dalili, si ugonjwa. Mama akisoma kwamba binti yake ana "ukosefu wa hamu ya kula", atamtafutia supu ya pilipili na ndimu ili kumfungua moyo wa kula, naye binti ana hamu tele aliyoifungia ndani. Ugonjwa huu ni miongoni mwa maradhi ya akili yenye vifo vingi kupita mengine, wapo wanaokufa kwa udhaifu wa mwili na wapo wanaojiua. Haifai uitwe kwa jina la jambo linaloondoka kwa supu.

Lugha nyingine zimefanyaje? Kiarabu kimefuata njia ya mfasiri wetu, kikasema kupotewa na hamu kwa sababu ya neva. Wajerumani wana neno "Magersucht", ambalo sehemu yake ya pili asili yake ni ugonjwa, lakini sikio la leo linasikia ndani yake uraibu. Yaani uraibu wa wembamba. Lina ukweli zaidi, nami nilivutwa nalo kwa muda. Lakini kwetu uraibu ni wa tambuu, tumbaku na bangi, vitu mtu avipendavyo kwa utamu wake, na hakuna utamu wa namna hiyo hapa. Wako wanaopendekeza "kujinyima chakula". Kujinyima katika Kiswahili ni sifa njema: mzazi hujinyima ili mwanawe asome. "Kususia chakula" kunaleta ugomvi wa nyumbani na lawama. "Kufunga" ni ibada, na sioni sababu ya kuiingiza.

Nimekata shauri kuwa tuseme "anoreksia", na maneno "kukosa hamu ya kula" tuyaachie dalili. Najua nitaambiwa kwamba nakimbilia kukopa ilhali tuna hazina yetu. Lakini tumekopa "kansa" wakati "saratani" ipo, na hakuna aliyekufa kwa mkopo huo. Hapa tunakopa kwa sababu kila neno letu lililo karibu limekwisha kuajiriwa na maana nyingine. La "ya neva" silioni kuwa na faida, kwani msomaji wetu akisikia neva huwaza ganzi na kutetemeka. Mara ya kwanza neno litokeapo lifuatwe na maelezo: ugonjwa wa akili unaomfanya mtu azuie kula kwa hofu ya kunenepa, hata mwili ukadhoofu.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe linalojaribiwa, maana istilahi haiwezi kuhakikiwa na mtu asiyejua kinachotajwa. Mwili unaokosa chakula kwa siku kadhaa huyeyusha mafuta yake, na ini hutengeneza kutokana nayo vitu viitwavyo ketoni. Neno hili lilibuniwa na mwanakemia Mjerumani Leopold Gmelin mwaka 1848, kwa kulikata kichwa jina la asetoni. Katika miaka ya 1960 George Cahill na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa ubongo wa mtu aliye na njaa ya muda mrefu huacha kutegemea sukari peke yake na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na ketoni hizo. Kabla ya hapo, mwaka 1921, Russell Wilder wa Mayo Clinic alikuwa amependekeza mlo wa kumfanya mgonjwa wa kifafa atoe ketoni kama mtu aliyefunga, ilhali anakula. Mlo huo katika namna yake ya kale una gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na kabohaidreti zikijumlishwa. Ulipungua nguvu baada ya dawa ya fenitoini kuanza kutumika mwaka 1938, lakini hadi leo hutumiwa kwa watoto ambao dawa hazikuwafaa.

Wanaoujaribu kwa anoreksia wana hoja ifuatayo. Wako wagonjwa wasemao kuwa kukaa na njaa kunawatuliza wasiwasi. Na uchunguzi mkubwa wa jeni uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wagonjwa 16,992, ulionyesha kuwa asili ya ugonjwa inaingiliana pia na namna mwili unavyotumia chakula, si akili peke yake. Huenda basi ubongo wa baadhi yao unatafuta ile hali ya ketoni. Na kama ni hivyo, yumkini wakapewa hali hiyo bila ya njaa yenyewe, kwa chakula cha kutosha chenye mafuta mengi. Ni dhana, tena ni dhana nzuri. Lakini inasimama juu ya neno moja: "bila ya njaa".

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtega mfasiri. Njaa yetu ni tatu. Iko njaa isikikayo tumboni. Iko njaa ya mwili uliopungukiwa, hata kama mwenyewe hasikii kitu. Na iko njaa ya nchi, inayoletwa na ukame. Tafsiri niliyoletewa inasema kuwa mlo huo "unaleta hali ya njaa katika mwili". Msomaji anaelewa kuwa mgonjwa atashindishwa na njaa. Ilipasa isemwe: "unaufanya mwili utoe ketoni kama utoavyo wakati wa kukosa chakula, ingawa mgonjwa anakula chakula cha kutosha". Maneno ni mengi, lakini la "ingawa" ndilo lenye tiba yote ndani yake.

Jina la mlo nalo liliandikwa "lishe ya ketoni". Lishe ni jumla ya mambo ya kulisha mwili. Kinachopangwa na daktari kwa vipimo ni mlo. Tena mlo huu hauna ketoni ndani yake, kama vile mtama haumo ndani ya jembe. Ini ndilo linalozizaa. Napendekeza "mlo uzalishao ketoni". Mfasiri aliongeza kwamba mlo huu "hauna wanga", na mwalimu wa sayansi kimu atauliza mara moja: na sukari, je? Na ndizi mbivu? Wanga ni sehemu moja tu ya kabohaidreti. Ni heri neno la kigeni kuliko kumwachia mtu mlango wa soda. Kuhusu "mafuta" na "shahamu" sina ugomvi. "Mafuta" yanatosha, mradi asiwepo wa kuyadhania ya taa.

Lililonikera kuliko yote ni neno "kuponywa". Mwaka 2020 daktari Barbara Scolnick na wenzake walichapisha habari za mgonjwa mmoja wa miaka mingi aliyepewa mlo huu kisha dawa ya ketamini, akatulia. Mwaka 2022 ikafuata taarifa ya watu wazima 5 waliopitia njia hiyohiyo, ambayo Guido Frank wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ni mmoja wa watungaji wake. Watano hao hawakulinganishwa na kikundi kingine, na kwa kuwa walipewa mlo na dawa pia, hakuna awezaye kusema kipi kilifanya nini. Lugha ya asili inatumia neno lenye maana ya ugonjwa kurudi nyuma, ambao waweza kuja tena. Kiswahili kina "nafuu", kina "ahueni", na "ugonjwa umetulia" husemwa na kila mtu. Kupona ni jambo jingine. Vivyo hivyo kichwa cha habari kilisema "matibabu mapya". Kilichopo ni jaribio la matibabu. Nimesikia hata watu wazima wakisema "majaribu" mahali pa "majaribio", na katika habari hii labda hawakukosea sana.

Tena kuna maneno ambayo mfasiri aliyaruka kabisa, akidhani ni pambo: kwamba wale watu 5 walikuwa wamekwisha kurudishiwa uzito kabla ya kuanza, na kilichobaki ni mawazo na hofu. Kuyaacha maneno hayo ni hatari. Mlo huu unajulikana, kwa watoto wa kifafa, kuwa waweza kupunguza hamu ya kula na uzito. Akiushika peke yake msichana aliyekonda, bila ya daktari, amepewa kisingizio chenye jina la kitaalamu cha kukataa ugali na wali. Wala hatuna haja ya kubuni istilahi hapa. Watu husema "mwili umemrudia" juu ya aliyekuwa mgonjwa akanawiri. "Waliorejesha uzito" inatosha kwa maandishi.

Ketoni na ketamini zinafanana kwa sababu ya haki, kwani jina la dawa hiyo ya usingizi limejengwa kwa jina la kundi la kemia lililomo ndani yake. Lakini moja hutoka katika ini na nyingine katika chupa. Mpiga chapa alikuwa amezibadilishana mara tatu.

Kichwa nilichomrudishia mfasiri ni hiki: "Jaribio la mlo uzalishao ketoni kwa watu waliorejesha uzito baada ya anoreksia". Alilalamika kuwa ni kirefu na hakitaingia katika mstari mmoja. Kweli hakikuingia, ikabidi herufi zipunguzwe ukubwa.