Nilipitiwa: Neno Lisilo na Mtendaji

Wapenzi wa ushairi wanalijua neno hili. Mtu akisahau ahadi, akitamka lisilotamkika au akifanya jambo pasi na kulikusudia, husema: nilipitiwa. Ni zuri sikioni, na uzuri wake ndio unaotutia shaka.

Tuanze na umbo. Pita, pitia, pitiwa: asemaye ametendwa, hakutenda. Katika "nilipitiwa na usingizi" aliyepita anatajwa. Katika "nilipitiwa" tupu, hatajwi. Hapo ndipo neno hili linapoachana na ndugu zake. Aliyeghafilika, kosa li moyoni mwake; aliyeteleza, mguu ni wake. Aliyepitiwa hana lake: alikuwa njia tu, na mwingine ndiye aliyepita.

Sasa twende Kinole, Morogoro, katika miteremko ya Milima ya Uluguru, ambako karafuu na mdalasini huota kama huku kwetu visiwani. Tumfikirie mkulima aliyechoma majani ili atayarishe shamba, upepo ukageuka, moto ukapanda msituni. Akiulizwa atajibu: nilipitiwa. Hasemi uongo. Lakini kiberiti kilikuwa mkononi mwake, na katika misitu ile ndimo zibubujikamo chemchemi za Mto Ruvu, uupao maji mji wa Dar es Salaam. Hakukusudia msitu uungue, kuwasha alikusudia. Neno moja limeyafunika yote mawili.

Washairi wetu nao wamo. "Kwa kweli nilipitiwa": mizani nane kamili, na kina cha -wa kimepatikana bila jasho. Ndiyo maana kipande cha namna hii huwajia upesi watungao mashairi ya mapenzi. Aliyevunja ahadi amepitiwa, aliyemwacha mwenziwe amepitiwa. Beti zinatiririka, na hakuna aliyetenda. Linganisha na "Ni mie niliyewasha". Mizani ni zile zile nane, ila hapa pana mtu, na penye mtu ndipo majuto yapatapo pa kukaa.

Hatusemi neno litupwe. Wapo waliopitiwa kweli, na wahenga walikwisha kusema kuteleza si kuanguka. Tunachoomba ni kwamba mtunzi akiliandika ajiulize: ni nani aliyepita? Akimpata, amtaje ubetini. Asipompata, aangalie asije akawa ni yeye mwenyewe.