Karatasi ya Vita na Jasho la Mkulima

Wakusanyaji wa fedha za kale huzisifu sana noti za muda zilizotolewa na Deutsch-Ostafrikanische Bank kati ya 1915 na 1917. Wanasimulia ujanja wa Wajerumani: manowari za Uingereza zilipoziba bahari, sarafu za Ulaya zikakatika, noti zikachapwa humu humu nchini, mwaka 1916 karakana ya Tabora ikafua heller za shaba, na mwaka 1917 noti za rupia moja zikagongwa kwa mihuri porini.

Maelezo hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Yanaeleza noti zilivyochapwa. Hayaulizi nani alizilipia. Noti ni ahadi. Mkulima aliyetoa mtama na ng'ombe alipewa karatasi wakati nguo haziingii nchini. Rupia za fedha zikafichwa, karatasi ikabaki kwa mnyonge. Tarehe 25 Novemba 1918 walioahidi kulipa walisalimu amri Abercorn. Jasho lilikwisha kutoka.

Je, mkulima wa Mafia alinusurika, kwa kuwa Waingereza walikiteka kisiwa Januari 1915? Hasha. Kisiwa kilifanywa kituo cha ndege za kuisaka manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Alibadilishiwa bwana, si hali.

China inatufundisha hilo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Serikali ya Guomindang iligharimia vita kwa kuchapa fabi, fedha iliyoanzishwa 1935. Agosti 1948 fabi milioni 3 zilibadilishwa kwa yuan moja ya dhahabu, nayo ikaporomoka katika miezi michache. Mfanyakazi aliyelipwa mshahara asubuhi aliuona ukiyeyuka kabla ya jioni. Serikali ilipoteza imani ya umma, kisha ikapoteza nchi.

Lakini tusijidanganye kwamba hatari hii ni ya mabeberu na vibaraka peke yao. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, tulivyopigana kujilinda, sisi pia tulionja uhaba na bei kupanda. Vita ya haki haigeuzi karatasi kuwa khanga.

Kwa hiyo kada anayesoma historia ya fedha asiishie kwenye picha ya noti. Aulize: nyuma ya noti hii kuna mazao gani, na nani aliyeyatoa bila kulipwa?