Wahudumu wa Gesti za Tabora

Mgonjwa wa Choma, wilayani Igunga, akipewa rufaa ya Kitete, hospitali ya mkoa mjini Tabora, ndugu anayemsindikiza hutafuta pa kulala, na mfuko hauruhusu hoteli. Hapo ndipo mhudumu wa gesti humfaa.

Dada huyu hufua mashuka kwa mkono, hushona matundu ya chandarua, hujaza ndoo maji yanapokatika. Daftarini huandika jina, atokako na aendako mgeni. Saa kumi alfajiri hugonga mlango wa msafiri: "Baba, amka, basi lisikuache."

Kupokea wageni ni kazi ya zamani huku. Mwaka 1872 mvumbuzi David Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na Tabora, akisubiri wapagazi; tembe lake leo ni makumbusho.

Mgonjwa akiongezewa siku wodini, dada huyohuyo humwombea ndugu kwa mwenye gesti alipe akishatumiwa hela.