Fani na Maudhui katika Maghala ya Hamburg

Mwanafunzi wa fasihi anapokabidhiwa riwaya huulizwa mambo mawili: kazi hii inasema nini, na inakisema kwa njia gani? Maswali hayo ya maudhui na fani yanafaa kuulizwa pia kuhusu sanaa iliyowekwa hadharani, yaani sanamu, madaraja, viwanja na hata majina ya mitaa. Makala haya yanahakiki eneo la maghala ya kale la Speicherstadt mjini Hamburg, Ujerumani, pamoja na mtaa mpya wa HafenCity uliojengwa kando yake. Tumelichagua kwa kuwa historia yake inamhusu msemaji wa Kiswahili kuliko anavyoweza kudhani.

Muktadha

Ujenzi wa Speicherstadt ulianza 1883 na sehemu ya kwanza ikafunguliwa 1888, Hamburg ilipoingia katika umoja wa forodha wa Ujerumani lakini ikabakiza bandari huru, ambamo bidhaa ziliwekwa bila kulipiwa ushuru. Ili kupata nafasi ya kujenga, watu takriban 20,000 walihamishwa makwao. Maghala yakajaa kahawa, chai, kakao, viungo na mazulia.

Wakati huo wafanyabiashara wa Hamburg walikwisha kuizoea pwani ya Waswahili. Kampuni ya O'Swald ilikuwa na tawi Zanzibar tangu 1849, na mwaka 1859 miji ya Hansa ilitiliana mkataba wa biashara na sultani. Mwaka 1890 ikaundwa hapo Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Hata taaluma yetu ilipita njia hiyo: Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, iliyoanzishwa 1908, ilifundisha Kiswahili kwa watumishi wa serikali na wafanyabiashara waliokuja huku, na ndiko alikofanyia kazi Carl Meinhof, ambaye jina lake hakuna mwanaisimu wa Kibantu asiyelijua.

Makontena yalipoleta utaratibu mpya wa kusafirisha mizigo, maghala haya yalianza kupoteza kazi. Mwaka 2003 eneo lilitolewa katika bandari huru, likageuzwa ofisi, makumbusho na mikahawa. Mwaka 2015 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na mtaa jirani wenye jumba la Chilehaus.

Fani

Kwa upande wa fani, ni haki kusifu. Majengo ya matofali mekundu yamesimama juu ya nguzo za mbao zilizokitwa ardhini, yakiwa na uso mmoja barabarani na mwingine mferejini, kwa maana mzigo ulivutwa kwa winchi kutoka kwenye mashua hadi mlango wa ghorofa husika. Waliolifufua eneo hawakufuta alama hizo. Mtazamaji anaweza kusoma kazi ya jengo kwa kuliangalia tu, na hiyo ndiyo sifa ya fani iliyokomaa.

Kazi inayojulikana zaidi ni ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017. Wasanifu wake, Herzog & de Meuron wa Uswisi, waliweka jengo la vioo lenye paa la mawimbi juu ya ghala la miaka ya 1960 lililohifadhi kakao, chai na tumbaku. Gharama yake ilifika takriban Yuro milioni 866, mara nyingi zaidi ya makisio ya kwanza. Hata hivyo taswira yake inaeleweka mara moja: starehe imekaa juu ya mzigo. Je, mzigo huo ulitoka kwa nani? Swali hilo linatupeleka kwenye maudhui.

Maudhui

Katika daraja la Kornhausbrücke zimesimama sanamu mbili za 1903: Columbus na Vasco da Gama. Zimewekwa juu ya mwingilio wa maghala kama mabawabu, nazo zimechongwa kwa lugha ya sifa, mithili ya shujaa wa utendi. Lakini shujaa kwa nani? Da Gama tunayemjua sisi alifika Mombasa na Malindi 1498, kisha akarudi 1502 na kuilazimisha Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno.

Huenda msomaji akasema kuwa sanamu ya 1903 ihukumiwe kwa fikra za zama zake. Tunakubali. Lakini HafenCity ni mtaa wa karne ya 21, nao una uwanja uitwao Vasco-da-Gama-Platz, na ngazi za Magellan na Marco Polo. Hapo hakuna zama za kusingizia. Ni kweli pia kwamba upo uwanja wa Dar-es-Salaam-Platz, kwa heshima ya mji uliofanya udugu na Hamburg mwaka 2010. Ni jambo jema, lakini mgeni anayepita kutoka uwanja mmoja hadi mwingine hupata majina ya aliyetoza na ya pwani iliyotozwa kama kwamba hayajawahi kukutana.

Linganisha na kisa cha Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti wa Sultani Said, aliyehamia Hamburg baada ya kuolewa 1867. Wilaya nyingine ya jiji hilo iliupa uwanja jina lake 2019, kisha mwaka 2020 ikaamua kuliondoa kwa sababu ya maandishi yake ya kutetea utumwa. Hatumtetei. Tunachohoji ni mizani: binti wa Zanzibar alipimwa kwa maneno yake, nahodha hakupimwa kwa matendo yake.

Wala si kwamba mtaa huu haujui kukumbuka. Katika bustani ya Lohsepark kuna kumbukumbu iliyofunguliwa 2017 mahali pa stesheni ya zamani ya Hannover, ambako Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walipelekwa makambini na mageto kati ya 1940 na 1945. Njia imechimbwa kufuata mstari wa reli hadi kwenye mabaki ya jukwaa, na majina ya waliopelekwa yameandikwa. Hapo fani na maudhui vimeshikana: mahali penyewe pamefanywa shahidi.

Hitimisho

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwenye bandari ya Baakenhafen, humo humo HafenCity, askari walipakiwa melini kuanzia 1904 kwenda kuwaangamiza Waherero na Wanama wa Namibia ya leo. Februari 2025 jiji lilitia saini makubaliano ya kujenga jumba jipya la opera katika gati ya Baakenhöft, kwa msaada wa wakfu wa tajiri Klaus-Michael Kühne unaoweza kufika Yuro milioni 330. Jumba hilo litakuwa zuri, hatuna shaka. Kipimo chake cha kweli ni kama gati litapewa nafasi ya kutoa ushahidi, kama ilivyopewa stesheni.

Kahawa ya Afrika Mashariki bado inanywewa Ulaya. Kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili ana haki ya kuingia katika mjadala huu si kama mtalii, bali kama msomaji wa matini ambayo babu zake ni wahusika ndani yake.