Faragha na Nani? Uhakiki wa Tamko la Faragha la Seva za Majina kwa Mtazamo wa Ibanda na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki RFC 8932, mwongozo uliotolewa na taasisi ya IETF mnamo Oktoba 2020 kwa waendeshaji wa seva za majina ya vikoa zinazolinda faragha. Hoja kuu ni kwamba mwongozo huo unamchukulia mwendeshaji kuwa mgeni aliye mbali na mtumiaji, na kwa hiyo unapungukiwa pale jamii ndogo inapoendesha seva yake yenyewe. Kwa kuzingatia mazingira ya Ibanda na Bwera, Wilaya ya Kasese, makala yanapendekeza tamko fupi la Kiswahili na Lukonzo linalotungwa pamoja na watumiaji.

1. Utangulizi

Mtu anapofungua tovuti kwa simu, kwa kawaida simu hutuma kwanza ulizo kwa seva ya majina ili ipewe anwani ya namba inayolingana na jina lililoandikwa. Mfumo huu ulibuniwa mwaka 1983, na kwa zaidi ya miongo mitatu maulizo yalisafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mei 2016 ulitolewa utaratibu wa kuyasafirisha kwa usimbaji fiche, yaani RFC 7858. Mwingine, RFC 8484, ukafuata Oktoba 2018. Wahandisi wa kujitolea na taasisi za utafiti, hasa za Ulaya, waliweka seva za majaribio zilizo wazi kwa yeyote. Katika maandishi ya fani hii, basi, neno "jamii" humaanisha mara nyingi wale wenye ujuzi wa kuziweka seva hizo.

Ulizo halitaji ukurasa uliosomwa; hutaja jina la tovuti tu. Lakini jina linatosha. Juni 2019, virusi vya Ebola vilivuka mpaka kutoka Kongo na kuthibitishwa katika Wilaya ya Kasese, na Bwera ikawa mahali pa matibabu. Katika majira kama hayo, jina la tovuti ya afya lililoulizwa usiku kwa simu moja linaweza kufichua hofu ya nyumba nzima. Ndiyo maana suala hili linawahusu wafanyabiashara wa Mpondwe na wakulima wa Ibanda, chini ya milima ya Rwenzori, sawasawa na wanavyohusika wahandisi.

2. Ubora wa mwongozo na msomaji wake

RFC 8932 inastahili sifa. Inamtaka kila mwendeshaji achapishe tamko la faragha lenye sehemu mbili: sera na utendaji. Katika sera aeleze anavyozishughulikia anwani za IP, data anayoikusanya na anaoshirikiana nao, na iwapo anachuja majibu. Katika utendaji aseme wazi pale anapokengeuka sera yake, uwezo wa kiufundi wa huduma, na njia za kuwasiliana naye. Kabla ya hapo ahadi za faragha zilikuwa maneno ya tangazo. Mwongozo umezifanya ziweze kulinganishwa na kupimwa.

Upungufu unaanzia kwa msomaji anayekusudiwa. Vipengele vya tamko vinamfaa mtu anayejua tayari tofauti ya seva inayotafuta majina na seva inayoyamiliki. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mhusika, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Ridhaa inayotokana na tamko lisilosomeka kwa mhusika ina thamani ndogo, hata kama kila kipengele kimejazwa kikamilifu.

3. Tatizo la neno "faragha"

Katika simu za Android zilizowekwa Kiswahili, mpangilio huu huitwa "DNS ya faragha". Tafsiri ni sahihi kimsamiati, lakini inaficha jambo. Katika matumizi ya Kiswahili, faragha huwa na washiriki: mtu humwita mwenzake faragha, na wawili hao hukaa mbali na wengine. Mzungumzaji anayelisikia neno hilo ana haki ya kuuliza: faragha na nani, na mbali na nani?

Swali hilo la kilugha ndilo hasa swali la kiufundi. Simu ikiwekwa katika hali ya otomatiki, husimba maulizo yake endapo seva ya mtandao uliopo inakubali. Msikilizaji wa njiani hazioni tena habari hizo. Mwenye seva anaziona zote. Akichagua seva kubwa ya kampuni ya nje, mtumiaji wa Bwera anaziondoa habari mikononi mwa kampuni yake ya simu na kuziweka mikononi mwa nyingine. Usimbaji fiche umemhamisha msiri wake. Menyu haimwambii hivyo, na RFC 8932, inayolielewa jambo hili vizuri, inalieleza kwa lugha isiyomfikia.

4. Mwendeshaji akiwa jirani

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba jamii iendeshe seva yake. Si ndoto: mtandao wa Pamoja Net katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, umeonyesha kwamba huduma ya intaneti inaweza kuanzia kwa jamii yenyewe, na programu huria kama Unbound huendeshwa hata kwa kompyuta ndogo.

Hata hivyo, hapa ndipo dhana ya mwongozo inapoyumba. RFC 8932 inajadili mbinu za kuficha utambulisho, mojawapo ikiwa kukata sehemu ya anwani ya IP. Mbinu hiyo hufaa kwa mamilioni ya watumiaji wasiojulikana kwa mwendeshaji. Katika kijiji ambamo nyumba zilizounganishwa zinahesabika, saa ya ulizo na jina la tovuti vyatosha kumtambua mwulizaji. Mwendeshaji anaweza kuwa mpwa wake, mwalimu wa mwanawe au mwanachama mwenzake wa chama cha akiba. Kampuni ya mbali inaweza kuuza habari. Jirani anaweza kuzisimulia. Madhara ya pili hayana nafasi katika vipengele vya tamko.

Wala seva ya jamii haipaswi kuahidi yasiyo katika uwezo wake. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchini Uganda wakati wa uchaguzi mkuu, hakuna seva ya majina ya nje ambayo ingefikika. Tovuti pia zinaweza kuzuiwa kwa njia zisizogusa mfumo wa majina kabisa. Tamko la kweli litaje mipaka hiyo.

5. Hitimisho na mapendekezo

Ushirikishwaji wa jamii umepimwa mno kwa nani anaweka mashine. Makala haya yanapendekeza upimwe kwa nani anatunga tamko. Kwa majaribio yoyote ya seva za faragha katika maeneo kama Ibanda na Bwera, yafaa yafuatayo:

(a) Tamko lijibu maswali matano kwa Kiswahili na Lukonzo: nani anaona maulizo yetu, yanahifadhiwa kwa muda gani, nani mwingine anapewa, nini kinazuiwa na kwa amri ya nani, na tulalamike wapi.

(b) Tamko lisomwe redioni na sokoni kabla ya seva kuwashwa, na libadilishwe kwa hoja za wasikilizaji.

(c) Seva ya jamii ndogo isihifadhi kabisa kumbukumbu za ulizo moja moja, na zaidi ya mtu mmoja waweze kuthibitisha mpangilio huo.

(d) Waandaaji wa istilahi za Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi mwaka 2022, wasiishie kwenye "DNS ya faragha". Maelezo ya menyu yataje anayefichwa habari na anayeendelea kuziona.

Pendekezo la kwanza halihitaji fedha nyingi wala leseni mpya. Linaweza kutekelezwa na wilaya, chuo au chama cha ushirika kabla mashine yoyote haijanunuliwa.