Lugha ya Wasimulizi na Lugha ya Uchambuzi: Uhakiki wa Utafiti wa Maji Maji wa Idara ya Historia, Dar es Salaam

Kati ya kazi za awali za Idara ya Historia ya Dar es Salaam, chache zinahitaji kusomwa upya kama Mradi wa Utafiti wa Maji Maji wa mwaka 1968 hadi 1969. Wanafunzi walikwenda kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee walioishuhudia vita ya 1905 hadi 1907, au waliosimuliwa na wazazi wao. Wasimulizi hao hawapo tena. Kilichobaki ni maneno yao kama yalivyoandikwa na vijana wale.

Mradi huu umekosolewa hasa kwa utaifa wake. Thaddeus Sunseri (1997), akichunguza Uzaramo, aliingiza njaa, nguruwe mwitu na mivutano ya kijinsia katika maelezo ya chanzo cha vita. Mkusanyiko uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson (2010) ulitilia shaka zaidi picha ya vita moja yenye lengo moja. Hoja hizo ni nzito na sehemu hii haizipingi. Suala linalojadiliwa hapa ni jingine, nalo ni lugha.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tunasema Vita vya Maji Maji, na hatuoni haja ya kufafanua. Makala ya John Iliffe ya mwaka 1967 ilitumia neno la Kiingereza lenye maana ya uasi. Gilbert Gwassa, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1973, iliyoandikwa pia kwa Kiingereza, aliita tukio hilo vita. Tofauti hii si ya mtindo. Anayeasi huasi mamlaka yenye haki ya kutiiwa, ilhali vita huwa kati ya pande mbili. Kwa maoni ya mtafiti, uteuzi wa Gwassa ni hoja kamili ya kihistoria, na inashangaza kuwa hupitiwa kama suala la kichwa cha habari tu.

Ubora wa Gwassa unaonekana zaidi anapolibakiza neno njwiywila, ambalo wasimulizi wa Umatumbi walilitumia kwa ujumbe uliopitishwa kwa siri kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Angelitafsiri kuwa "uvumi", msomaji angedhani habari za maji ya Kinjikitile zilisambaa ovyo. Neno lenyewe linaonesha utaratibu: nani aambiwe, na aambiwe vipi. Swali kuu la wanahistoria wa wakati ule, yaani namna watu wasio na dola moja walivyojipanga, linapata sehemu ya jibu lake ndani ya msamiati wa wasimulizi. Pale ambapo maneno ya aina hiyo yamegeuzwa kuwa "dini", "uchawi" au "propaganda", njia hiyo imefungwa.

Wakati idara ikichambua kwa Kiingereza, Ebrahim Hussein, aliyekuwa mwanafunzi chuoni hapo, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile kwa Kiswahili mwaka 1969. Alitahadharisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Tahadhari hiyo haikusaidia sana: wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua Kinjeketile wa jukwaani kuliko Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Hata tahajia ya jina imefuata tamthilia. Lawama haimwangukii mtunzi. Yeye aliandika katika lugha ambayo wanahistoria waliiachia nafasi wazi.

Suala hili sasa limevuka mipaka ya chuo. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea, na wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, wanataka fuvu lake litafutwe. Katika madai kama hayo, muhtasari wa Kiingereza wa alichosema mzee mwaka 1968 hautoshi. Wanaodai wanahitaji kauli yenyewe, katika lugha aliyoitolea, pamoja na jina la kijiji na la aliyemsimulia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhariri wa hati hizi ni kutenganisha, ukurasa kwa ukurasa, kauli ya msimulizi na tafsiri ya mwanafunzi aliyemhoji.