Nne Bila Bloemfontein: Yanga Imepata Namba Tisa

Nne bila! Ugenini, Bloemfontein, mbele ya mashabiki wa Kaizer Chiefs waliokuja kumwangalia kocha wao mpya, Yanga imebeba Kombe la Toyota na kuondoka nalo. Prince Dube kafungua, Stephane Aziz Ki kaongeza la pili kabla ya mapumziko, Clement Mzize kaweka la tatu, halafu Aziz Ki karudi kumalizia la nne. Najua ni mechi ya maandalizi. Najua leo ni tarehe 28 Julai 2024, ligi haijaanza na pointi hazigawiwi. Lakini nimeiangalia Yanga hii kwa dakika tisini na sijakaa chini tangu filimbi ya mwisho, kwa sababu kuna kitu kipya ndani ya timu hii na nataka kukisema sasa hivi kabla hakijazoeleka.

Namba tisa amepatikana.

Tangu Fiston Mayele aondoke kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, tumeishi bila mshambuliaji wa kati unayeweza kumwachia mechi. Mayele alituachia pengo zito: msimu wake wa mwisho alifunga mabao 17 ya ligi na akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, huku timu ikifika fainali. Baada yake akaja Hafiz Konkoni. Dirisha dogo akaja Joseph Guede. Kazi ya kufunga ikabaki kwa viungo. Aziz Ki alimaliza msimu uliopita na mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi akitokea katikati, Maxi Nzengeli na Pacome Zouzoua wakachangia ya kwao, Mudathir Yahya akawa mtu wa kuchomoza nyuma ya mabeki dakika za lala salama. Tukabeba ubingwa wa 30.

Nyumbani hiyo inatosha. Ukivuka mpaka haitoshi. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns ilichezwa dakika 180, uwanjani kwa Mkapa na kule Pretoria, na mechi zote mbili ziliisha 0-0 kabla ya penalti kuamua. Timu iliyompiga Simba 5-1 mwezi Novemba ilikosa mtu mmoja tu wa kusimama kati ya mabeki wawili wa kati na kuwafanya wasilale.

Sasa mtazame Dube. Haombi mpira miguuni muda wote. Anakaa begani kwa beki wa mwisho, anaanza kukimbia kabla pasi haijapigwa, na hata asipopewa mpira ile mbio yake inawavuta mabeki nyuma na kumwachia Aziz Ki uwanja wa kuinua kichwa. Hilo ndilo lililokuwa halipo. Msimu uliopita Aziz Ki alikuwa anapokea mpira na kukutana na ukuta wa watu, anapiga mashuti ya mbali kwa sababu mbele yake hapakuwa na mlango. Leo amepata mabao mawili, na kwangu yana uhusiano wa moja kwa moja na ujio wa Mzimbabwe huyu. Jumatano dhidi ya TS Galaxy Dube alifunga bao pekee la ushindi, leo amefungua tena. Mabao mawili ndani ya siku tano, nchi ya watu, jezi mpya mwilini.

Na wale wanaomkumbuka akiwa Azam wanajua kuna jambo jingine tamu hapa. Aprili 2021, kocha Nasreddine Nabi alipokaa kwenye benchi la Yanga kwa mara ya kwanza, Azam ilimharibia siku kwa bao moja. Mfungaji alikuwa Prince Dube. Leo Nabi yuko benchi la Kaizer Chiefs, na wa kwanza kumtia doa ni yuleyule.

Nabi namheshimu, na nitaendelea kumheshimu. Yeye ndiye aliyeturudishia ubingwa mwaka 2022 bila kupoteza mechi ya ligi msimu mzima, akaurudia 2023, akatupeleka Algiers kucheza fainali ya Shirikisho na USM Alger, tukashinda kule 1-0 na kukosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Kundi kubwa la wachezaji waliomfunga leo lilipita mikononi mwake. Djigui Diarra, Khalid Aucho, Dickson Job, Ibrahim Bacca, Aziz Ki mwenyewe, wote aliwafundisha. Anajua mguu wanaoupenda, anajua wanapochoka, anajua nani ukimbana anapoteza mpira. Na bado zikaingia nne! Ni kweli Chiefs imemaliza msimu uliopita nafasi ya kumi na Nabi ndiyo kwanza anaanza kuijenga. Haiwezi kuwa imeshika anachokitaka kwa wiki chache. Nalitambua hilo. Ila mtu anayeijua Yanga ya zamani kuliko kocha yeyote Afrika alikaa mbele ya Yanga mpya akashindwa kuifunga breki, na hilo linaniambia kocha wetu wa sasa, Miguel Gamondi, ameshaipeleka timu mahali pengine.

Mahali penyewe ni juu. Gamondi anataka timu ikabie juu, mpira ukipotea unatafutwa palepale ulipopotelea, na safu ya ulinzi inasogea hadi karibu na mstari wa kati. Ni mchezo wa roho mkononi. Unahitaji mabeki wenye kasi ya kurudi, na Bacca anayo. Unahitaji kipa anayetoka golini bila kusita, na Diarra amezaliwa hivyo. Unahitaji kiungo mkabaji wa kunusa hatari kabla haijazaliwa, na Aucho hiyo ndiyo kazi yake ya kila wiki. Kilichoongezeka mwaka huu ni upande wa kushoto: Chadrack Boka, kijana aliyetoka Lupopo ya Lubumbashi, anapanda kama winga na krosi zake zina uzito. Joyce Lomalisa alitufanyia kazi nzuri upande ule na tunamshukuru. Boka analeta nguvu nyingine.

Halafu Mzize. Jamani, Mzize! Kijana wetu, Mtanzania, aliyekulia timu ya vijana ya Yanga na kupandishwa kikosi cha kwanza enzi za Nabi huyohuyo. Kila dirisha la usajili likifunguliwa tunaletewa mshambuliaji kutoka nje, na kila msimu Mzize yumo, anakimbia, anapambana, anajifunza mbele ya macho yetu. Bao lake la leo ndilo lililonitoa machozi. Alimfunga kocha aliyemwamini wa kwanza, kwenye uwanja wa kimataifa, akiwa na Dube, Jean Baleke na Kennedy Musonda wote wakiigombania nafasi ileile. Taifa Stars nayo inufaike na ushindani huu.

Kuhusu uwanja wenyewe lazima niseme neno. Huu wa Bloemfontein ndio uliochezewa Ujerumani na Uingereza kwenye Kombe la Dunia 2010, ile mechi ya shuti la Frank Lampard lililogonga mwamba, likadunda ndani ya mstari, na mwamuzi akasema mchezo uendelee. Mwana Yanga gani anaweza kusikia habari hiyo asikumbuke tarehe 5 Aprili mwaka huu, Pretoria, shuti la Aziz Ki likigonga mwamba na kudundia chini, sisi tukishangilia, na bao likakataliwa? Jeraha lile bado bichi. Leo Aziz Ki amerudi Afrika Kusini, kwenye uwanja wa Lampard, na amefunga mawili ambayo hakuna aliyehitaji kuyarudia kwenye runinga ili kuyajadili. Mpira una namna yake ya kulipa.

Ziara nzima imekuwa na maana. Tulianza Mbombela dhidi ya FC Augsburg ya Bundesliga, tukafungwa 2-1, na nilifurahi tulivyocheza na Wajerumani bila kujificha. Ikafuata TS Galaxy, 1-0. Sasa Chiefs, 4-0. Mechi tatu, na kila moja timu ilionekana imejuana zaidi kuliko iliyopita. Kupiga kambi huku na kucheza na timu za aina hii ni uamuzi wa watu waliolenga Afrika, na uongozi wa Rais Hersi Said unastahili pongezi kwa hilo.

Sasa kuna tatizo zuri ambalo Gamondi analo na mimi silionei huruma hata kidogo. Clatous Chama amekuja kutoka Simba. Mara ngapi tumekaa kwa Mkapa tukiomba Mzambia huyu asipewe mpira karibu na boksi? Sasa ni wetu. Pacome yupo. Maxi yupo, na Maxi hapumziki hata ukimwambia apumzike. Aziz Ki kaongeza mkataba. Duke Abuya, Mkenya mwenye mapafu mawili ya ziada, naye kaingia. Uwanjani ni watu kumi na mmoja tu, na nyuma ya namba tisa kuna nafasi tatu.

Jumapili ijayo, tarehe 4 Agosti, ni Siku ya Mwananchi, kwa Mkapa, na Red Arrows ya Zambia. Siku nne baadaye Ngao ya Jamii, na mpinzani ni Simba iliyobadilisha karibu kikosi kizima na kuleta kocha mpya, Fadlu Davids. Halafu Vital'O ya Burundi kwenye Ligi ya Mabingwa. Siku ya Mwananchi nataka kila mchezaji mpya apate dakika zake, watu wamwone, wamshangilie. Ila tarehe 8 mbele ya Simba ningeanza na Dube juu, Aziz Ki nyuma yake, Maxi kulia, Pacome kushoto, na Chama aingie kipindi cha pili mabeki wakiwa wameshachoka. Gamondi akiamua kumwanzisha Chama dhidi ya waajiri wake wa zamani, sitabishana naye. Dube tu asimguse.